Kofia Kwenye Nguzo ya Kwanza

Mgeni yeyote aliyefika katika nyumba ile ya wageni kando ya ziwa aliambiwa jambo moja kabla hata hajaonyeshwa chumba chake: kama kofia haiko kwenye nguzo, hakuna kuogelea.

Kofia yenyewe ilikuwa ya ukindu, pana, imepauka kwa jua mpaka huwezi kuitajia rangi, na ukingo wake ulikuwa umeshonwa upya mara tatu kwa nyuzi za rangi tatu. Mwenye kofia alikuwa mtunza bustani. Pamoja na maua na mboga, alikabidhiwa pia uzio wa kuogelea, yaani ile sehemu ya ziwa iliyozungushiwa nguzo arobaini na moja na wavu wa waya, ili watu wacheze upande wao na mamba wabaki upande wao. Kila asubuhi, jua likishapanda vya kutosha kuangaza mpaka chini ya maji, alipita juu ya mbao zilizowekwa juu ya nguzo zile, akautazama wavu hatua kwa hatua. Alipomaliza na kuridhika, aliivua kofia akaitundika kwenye nguzo ya kwanza, karibu na ngazi ya saruji. Hapo ndipo watu walipoingia majini. Yeye alirudi bustanini kichwa wazi, jua likimchoma utosi, na mtu akimhurumia alijibu, "Acha utosi wangu uungue, nyinyi mbaki na miguu miwili miwili."

Walimwita Mzee Kofia, ingawa muda mwingi wa siku alionekana bila kofia.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia pale. Katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyeguswa na jino la mnyama. Haikuwa bahati. Mvua ikinyesha na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, kofia ilibaki kichwani kwake hata wageni wanune vipi, kwa sababu katika maji yasiyoonekana ndani, mamba ndiye anayeona. Jua likianza kushuka alikwenda kuichukua kofia yake, na aliyekuwa bado anapiga mbizi alijua amefukuzwa. Mpishi wa nyumba ile, mtu wa mzaha aliyemwita kaka ingawa hawakuwa na undugu wowote, alikatazwa kabisa kupara samaki kwenye ngazi.

"Magamba tu hayo, kaka," mpishi alilalamika.

"Magamba kwako. Kwao ni kadi ya mwaliko."

Bustanini nako alikuwa na taratibu zake. Buti zake za mpira zililala kichwa chini kwenye vigingi ukutani, na bado kila asubuhi alizigonga kabla ya kutia mguu, maana nge hana habari na vigingi. Hakung'oa gugu kwa mkono mahali ambapo hakupaona. Hakuinua jiwe kwa kulivutia kwake. Alilisukuma liende mbele, ili chochote kilicholala chini yake kitokee upande wa pili. Lakini sheria yake kubwa ilihusu rundo la majani makavu nyuma ya banda la vifaa, yale aliyoyatandaza kwenye mashina ili udongo usikauke. Rundo lile aliligonga mara tatu kwa mpini wa reki, akanyamaza, akasikiliza. Alikuwa na sababu. Nyoka wengi wakisikia kishindo hukimbia, lakini kifutu, nyoka mnene, mzito, mwenye rangi ya majani makavu yenyewe, hakimbii. Anachofanya akisumbuliwa ni kufoka, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Asiyegonga hapewi nafasi ya kuisikia sauti hiyo.

"Gonga, nyamaza, sikiliza," aliwaambia watumishi wapya, na alipokuwa hayupo mpishi alimwigiza kwa kugonga sufuria kabla ya kupakua.

Mkewe alikuwa mshonaji wa nyumba ile ile. Mashuka, foronya na mapazia yote yalipita chini ya sindano yake. Waliishi katika chumba kimoja chenye kibaraza, mwisho wa bustani, cherehani ikiwa chini ya dirisha na kikapu chake cha nyuzi chini ya cherehani. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa mji wa mbali. Mke huyu alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa maneno, na ulimi wake ulikuwa na ncha kama chombo chake cha kazi, kwa hiyo jina la Mama Sindano lilimkaa bila ubishi. Ni yeye aliyeushona ule ukingo wa kofia mara tatu. "Mwanamume mwingine angenunua mpya," alisema kila mara. "Wewe unataka nikuzike na hii."

Ukungu ulianzia jicho la kushoto. Mzee Kofia alidhani ni sabuni. Baada ya miezi michache ukahamia na la kulia. Kwanza zilimpotea sura za watu wa mbali, kisha maandishi kwenye pakiti za mbegu, kisha miiba ya mawaridi, ambayo tangu hapo aliijua kwa vidole. Hayo aliyavumilia. Kilichomtia baridi ni asubuhi aliyosimama juu ya mbao, akainama kuutazama wavu, na asiuone. Aliona weupe tu, kana kwamba mkewe ametandika shuka juu ya ziwa.

Alimwambia mkewe anakwenda mjini kutafuta mbegu. Alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari alimmulika kwa muda mrefu, akamweleza taratibu kwamba mshipa wa jicho umeharibika, kwamba kilichokwenda hakitarudi, na kwamba kuna dawa ya matone ya kushikilia kidogo kilichobaki. Alirudi nyumbani na pakiti mbili za mbegu za spinachi, na kichupa cha dawa akakificha ndani ya kopo la mbegu.

Kwa nini hakusema? Alijiuliza swali hilo mara nyingi baadaye, na kila mara alipata jibu lile lile, dogo, lisilofaa kutamkwa. Watu walipoiona kofia pale nguzoni, hawakuuliza tena swali. Mama mgeni aliwaachia watoto wake waingie majini kwa sababu ya kofia ile. Hakujua angekuwa nani siku ambayo kofia ile itakuwa kofia tu.

Basi akatafuta njia. Badala ya kupita juu na kutazama, alianza kuingia majini mwenyewe. Alipiga maji kwa mti mrefu kwanza, akasubiri, kisha akashuka ngazi na kuufuata wavu kwa ndani, nguzo hadi nguzo, akiupapasa kwa viganja na kuukanyaga kwa nyayo, maji yakimfika kifuani. Iliwachukua watu wiki moja kuona, na walipoona, walimsifu.

"Mnamwona Mzee?" meneja aliwaambia watumishi katika kikao cha asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, mpenda utaratibu. "Zamani alikuwa anaangalia tu. Siku hizi anaingia mpaka ndani. Hiyo ndiyo kazi!"

Mzee Kofia aliinamisha uso, akasema ahsante.

Mara moja tu nusura siri itoke. Gauni la meneja lilikuwa limeanikwa kambani, linapepea, naye akapita na toroli lake akasema kwa adabu zote, "Habari za asubuhi, mama meneja."

Mpishi aliyekuwa mlangoni pa jiko alishika mbavu. "Kaka! Hata gauni unaliamkia?"

"Na wewe liamkie," alijibu bila kusita. "Likisharudi mwilini litasema nani alilidharau."

Wote wakaangua kicheko, wafua nguo, dereva, hata mgeni mmoja. Mkewe pia alicheka, akiwa na shuka mapajani. Ila kicheko chake kilikatika kabla ya vya wengine.

Tangu wiki ile Mama Sindano alianza kuamka mapema kuliko mumewe. Alisema mashuka yakianikwa alfajiri yanakauka bila kukunjamana. Mzee Kofia alisikia mlango ukifunguliwa taratibu, kandambili zikienda, na baada ya muda zikirudi. Hakuuliza. Mtu mwenye siri yake hapendi kuanzisha maswali.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa karibu miaka miwili.

Alhamisi moja, mvua za mwisho zikiwa zimekwisha na ziwa limetulia, Mzee Kofia aliamka kabla ya kawaida yake. Wiki tatu mbele, wanafunzi arobaini wa shule moja walikuwa waje kuogelea, na meneja alitaka bustani ing'are. Alijikuta peke yake kitandani. Akatoka, akaketi kibarazani, akazigonga buti zake, moja, nyingine, akaanza kuzivaa. Palikuwa kimya. Rundo la majani lilikuwa hatua kama ishirini kutoka pale alipoketi.

Alisikia majani yakichakarika kidogo, kama kuku anayepekua. Kisha akasikia mkewe akivuta pumzi kwa nguvu, pumzi ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya baridi.

"Nani?" aliita. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi," mkewe alijibu kwa sauti ndogo sana. "Usije haraka. Yupo bado."

Alikwenda, mguu mmoja na buti, mwingine bila. Alimfuata kwa sauti, akamshika bega, akamrudisha nyuma hatua kumi, akamketisha chini. Wakati huo ndipo kifutu alipofoka, baada ya kazi kwisha.

"Wapi?"

"Mkono. Wa kushoto. Juu ya kiganja."

Mpishi alifika mbio na kisu cha jikoni na kamba ya katani. "Tukate, kaka! Tukate atoke damu, halafu tufunge hapa juu!"

"Weka kisu chini, ndugu yangu. Hatukati, hatufungi, hatunyonyi. Mwite dereva. Halafu niletee mwiko wako mkubwa na shuka kuukuu."

"Mwiko?"

"Mwiko!"

Alimwambia mkewe asijaribu kusimama wala kutikisa mkono. Aliulaza ule mkono juu ya mwiko na kuuzungushia vipande vya shuka, kwa ulegevu, ili usichezecheze njiani, na kila baada ya kuzungusha alipitisha kidole chini ya kitambaa kuhakikisha hakibani. Macho hayakuhitajika. Kisha akakipapasa kidole cha pete. Nyama ilikuwa imeanza kujaa. Aliipaka pete mate, akaizungusha taratibu, akaivua kabla haijazama.

"Miaka thelathini na mmoja," mkewe alisema, akitabasamu midomo ikiwa imekauka, "leo ndiyo mara ya kwanza unanivua pete. Tena mbele za watu."

"Nitakurudishia."

"Ole wako usirudishe."

Garini aliketi nyuma, kichwa cha mkewe kikiwa mapajani mwake. Dereva alienda kwa kasi lakini kwa uangalifu, akikwepa mashimo. Walipoipita kona ya soko, swali lilimtoka Mzee Kofia.

"Mbona hukugonga?"

Alimfuta mkewe jasho la usoni.

"Wewe ndiye umenisikia nikilisema neno hilo kuliko mtu yeyote. Mbona hukugonga?"

"Ulikuwa pale kibarazani," mkewe alisema. "Ungesikia."

"Ningesikia, ndiyo. Kwani ubaya wake nini?"

"Ungesikia, ungeuliza nani anayegonga rundo lako. Ningekujibu nini? Kila asubuhi nagonga na kugeuza majani wewe ukiwa usingizini. Ukifika wewe, pako salama. Leo umeamka mapema. Nikasema niinue polepole tu kwa mkono, usisikie."

Dereva alipunguza redio, kisha akaizima.

"Tangu lini?" Mzee Kofia aliuliza.

"Tangu gauni. Hapana. Kabla ya gauni. Nilitaka mbegu za maua nipande dirishani, nikakuta dawa ya macho ndani ya kopo lako. Nikasema, atakuja aniambie. Nikangoja." Alicheka kwa pumzi. "Ukanipa spinachi."

"Kwa nini hukusema unajua?"

"Na wewe kwa nini hukusema huoni?"

Aliishika pete ndani ya ngumi yake, akaiminya mpaka ikamwachia alama.

Hospitalini daktari aliufungua ule mkono, akautazama mwiko, akauliza ni nani aliyeufunga. Alisema wengi hufika wakiwa wamechanjwa na kufungwa kamba, na mikono yao imeoza kabla ya sumu kufanya lolote. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwepo, lakini chupa mbili tu, na mgonjwa alihitaji zaidi. Wakapiga simu hospitali nyingine. Chupa nyingine zilifika Ijumaa jioni. Mkono ulikuwa umevimba mpaka begani, na mkojo ulikuwa umekwisha kukatika.

Mama Sindano aliongea Ijumaa yote, kidogo kidogo. Alimtaka mumewe amwambie meneja kwamba pazia la chumba cha nne bado halina upindo. Aliuliza kama mpishi amerudishiwa mwiko wake. Alipokuwa akipata nafuu kidogo alimtania muuguzi kwa jinsi alivyotandika shuka. Lililomhangaisha zaidi ni uzio. "Wanafunzi wanakuja," alisema. "Usiingie peke yako. Mwite mtu mwenye macho." Mumewe alisema sawa, kama watu wanavyosema sawa kumtuliza mgonjwa.

Alifariki Jumamosi saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Daktari alimshika Mzee Kofia mkono. "Nataka ujue kwamba mlifanya kila kitu sawa," alisema.

Alikuwa na nia njema. Maneno yale yalimkaa Mzee Kofia kooni kama mwiba wa samaki, kwa siku nyingi.

Walimzika Jumapili. Pete ilirudishwa kidoleni, kwa mkono mwingine, kama alivyoahidi. Binti yao alikuja, akakaa naye wiki mbili, akapika na kufagia, akaona baba yake akimimina chai nje ya kikombe, akadhani ni huzuni. Alipokuwa anaondoka alimsihi.

"Baba, twende kwangu. Utakaa hapa na nani?"

"Nina kazi, mwanangu. Wanafunzi wanakuja."

"Hawawezi kuogelea bila wewe?"

"Hawawezi," alisema, na jibu lile lilimpa joto kidogo, halafu likamtia haya.

Meneja alikuwa amemwambia apumzike. Siku zote hizo uzio ulikaa mtupu, na wageni wachache waliokuwepo walioga mabafuni. Lakini Jumamosi ya wanafunzi ilipofika, meneja alikuja mpaka kibarazani, akasimama kwa heshima.

"Mzee, sikutaka kukusumbua. Ila mwalimu wao amekataa kabisa watoto waingie majini mpaka atakapoiona kofia. Ameambiwa habari zako."

"Nitakwenda, mama."

Jua lilikuwa limepanda vizuri. Wanafunzi walikuwa wamekwisha fika, walikaa nyasini na taulo shingoni, wakipiga kelele kama ndege waliotua mtini. Mzee Kofia alipiga maji kwa mti wake, akasubiri, akashuka ngazi. Alikumbuka alichoambiwa: usiingie peke yako. Akaingia peke yake.

Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Viganja vilipita juu ya waya kama kawaida. Kwenye nguzo ya tano vidole vyake viligusa fundo la uzi. Alikuwa amelipitia fundo lile mara mamia. Siku zote alilichukulia kuwa kiraka chake mwenyewe cha zamani, kwani naye huko nyuma aliwahi kuziba waya kwa uzi wa nailoni, na mkono wake ulikuwa ukitafuta tundu tu, si kitu kingine. Safari hii, sijui kwa nini, mkono ulisimama.

Uzi ulikuwa umezungushwa mara mbili, ukapitishwa chini ya wenyewe, ncha ikafichwa ndani. Yeye hakujua kufunga hivyo. Alilijua fundo lile. Lilikuwa kwenye vifungo vya mashati yake yote. Lilikuwa kwenye ukingo wa kofia iliyokuwa kichwani mwake saa ile.

Alisimama majini, akalishika.

Kisha akaendelea, si kwa kutafuta tundu tena. Nguzo ya tisa, fundo moja. Ya kumi na mbili, mawili. Ya kumi na nane, moja lililofungwa karibuni, uzi ukiwa bado msafi na mgumu kama unywele wa farasi. Mengine yalikuwa yamevaa utelezi wa kijani, ya muda mrefu, ya miaka. Alihesabu kumi na saba. Kumi na saba kwa kiasi alichoweza kufikia. Aliwaza jinsi mwanamke yule mdogo, asiyejua kuogelea hata hatua tatu, alivyolala kifudifudi juu ya mbao alfajiri, mkono mmoja ndani ya maji mpaka kwapani, saa ambayo mumewe mwenyewe alikataza mtu yeyote asisogee ukingoni. Halafu akarudi nyumbani, akaanika mashuka, akamwamsha mumewe akaitundike kofia.

Alipotoka, maji yalikuwa yakimchuruzika, na watoto walikuwa wamekwisha simama.

"Kofia! Kofia! Kofia!" waliimba, wakipiga makofi.

Alifika kwenye nguzo ya kwanza. Alijua ilipo bila kuitafuta. Hakuwa amekuta tundu lolote. Kiganja chake kilimwambia kila kitu kiko sawa, kama kilivyomwambia siku zote. Aliivua kofia. Watoto wakapiga vigelegele. Akaishikilia kifuani kwa mikono miwili, wala hakuitundika.

"Vipi, Mzee?" mwalimu aliuliza.

Meneja alisogea. "Kuna tatizo kwenye wavu?"

"Sijui, mama."

"Hujui vipi? Si umetoka kukagua?"

"Sioni," alisema. "Waya siuoni. Maji siyaoni. Hata wewe mwenyewe nakusikia tu. Ni mwaka wa pili sasa."

Kelele zilipungua, zikaisha, kwa jinsi watoto wanavyotambua kwamba wakubwa wameharibikiwa na jambo. Mpishi alikuwa amebeba sinia la maembe yaliyokatwa. Alilishusha chini nyasini.

"Lile gauni," alisema polepole. "Kaka. Lile gauni."

Meneja hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Miaka miwili unawaambia watu waingie? Watoto wa watu?"

"Nilikuwa nawaambia kwa macho ya mke wangu, mama. Ila sikujua."

Wanafunzi hawakuogelea siku ile. Walinung'unika, mmoja akalia, kisha wakafunguliwa mpira wa maji wa bustani wakarushiana chini ya jua, wakiharibu kitalu kizima cha spinachi, na hakuna aliyewakataza. Alasiri meneja alimtuma dereva na fundi wa waya wapite juu ya mbao na kutazama. Kwenye nguzo ya thelathini na tatu walikuta pengo, nyuma ya nguzo yenyewe, kwa nje, mahali ambapo kiganja cha mtu aliye ndani ya uzio hakifiki na wayo ulipita kando. Dumu la lita ishirini lingepenya bila kukwaruza. Pembeni yake ulining'inia uzi wa nailoni, umekatika, na ncha yake moja bado ilikuwa imefichwa ndani ya fundo.

Fundi alisema kwenye pengo kubwa kama lile uzi hudumu wiki mbili, tatu, kisha husagwa na waya. Lazima palikuwa na mtu aliyekuwa akiubadilisha.

Dereva ndiye aliyekuja kumpa habari. Alisimama kidogo kibarazani, akamgusa bega, akaondoka. Kwa mbali meneja alisikika akimwambia mpishi kwamba Mzee atabaki na vitalu vya miche, kazi ya mezani, kazi ya vidole, na kwamba kesho atatafutwa mtu wa kufundishwa uzio. Mzee Kofia alisikia yote hayo kama habari za mtu mwingine.

Ukingo wa kofia ulikuwa umeanza kuachia tena, upande wa kisogoni. Aliingia ndani, akapapasa mpaka kwenye cherehani, akapiga magoti. Kikapu cha nyuzi kilikuwa palepale chini yake. Hakuna aliyekifungua tangu Alhamisi ile. Ndani yake, alijua, kulikuwa na sindano, mkasi, na kibunda cha uzi wa nailoni ambacho sasa alielewa kwa nini kilikuwa kikiisha haraka. Mkono wake ulikwenda, ukakaribia kifuniko, ukasita. Kisha, kama alivyofanya miaka ishirini na miwili mbele ya kila mahali asipopaona, aligonga mara tatu, akanyamaza, akasikiliza.